Mashine ya Sikio: ya Serikali au ya Kununua?

KIPINDI CHA AFYA KWA WAKIMBIZI NA WENYEJI, KASHIKISHI, WILAYA YA NCHELENGE
Mazungumzo ya kusomwa hewani. Lugha: Kiswahili. Muda: dakika 20.
Kwa msomaji: soma polepole, tamka kila neno. Baadhi ya wasikilizaji wa leo hawasikii vizuri.

[MUZIKI WA UFUNGUZI, SEKUNDE 15, KISHA UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Jambo kwenu wa Mantapala, jambo kwenu wa Kashikishi na Nchelenge, jambo kwa wavuvi wa visiwani Kilwa na Chisenga, na kwenu wa ng'ambo ya ziwa mnaotupata jioni hii. Swali la leo linazigusa familia nyingi. Mtu akipungukiwa na usikivu, je, afuate mashine ya sikio inayotolewa na hospitali za serikali, au familia ichange fedha ikanunue kwa muuzaji binafsi? Karibu, mzungumzaji.

MZUNGUMZAJI: Asante sana. Ndugu msikilizaji, kabla sijaendelea, nakuomba umwite yule wa nyumbani kwako ambaye hasikii vizuri. Aketi karibu na redio, aelekee uso wako, na wewe umrudie yale yatakayompita. Mazungumzo haya ni yake kwanza.

Mtu asiyesikia vizuri hupoteza mambo mengi ambayo sisi wengine hatuyaoni. Siku ya mgao jina lake linaitwa mara mbili, mara tatu, kisha linapita. Ofisini anaulizwa swali moja na kujibu lingine, na anayeandika anadhani mtu huyu anaficha kitu. Shuleni mtoto huitwa mtukutu, au mzito wa akili, kumbe sauti ya mwalimu haimfikii. Mama anapewa dawa kliniki, anatikisa kichwa kana kwamba ameelewa, anafika nyumbani hajui ni vidonge viwili au vitatu. Mzee anachoka kuuliza "umesema nini?" na mwishowe anaacha kuja barazani.

Watu wa namna hii si wachache. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2021 lilisema kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma. Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba kati ya watu 100 ambao mashine ya sikio ingewafaa, ni 17 tu wanaoitumia. Wengine hawakuipata kabisa. Na wako walioipata, nayo sasa imelala ndani ya sanduku, kwa sababu betri ziliisha, au inapiga mluzi, au inaumiza sikio.

Hao wa mwisho ndio walionifanya nichague maneno ya leo. Tukiuliza tu "ya bure au ya kununua?", tunakuwa tumeliacha swali lenye uzito zaidi, nalo ni hili: mwezi wa sita baada ya kuvaa mashine, nani atakuhudumia?

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

Tuanze na jambo linalotangulia mashine, yaani kupimwa.

Si kila asiyesikia anahitaji mashine. Wako watu ambao tundu la sikio limezibwa na nta tu. Mhudumu wa afya akiitoa vizuri, mtu anasikia siku hiyo hiyo. Wako wenye sikio linalotoa usaha. Hao wanahitaji kutibiwa kwanza. Ukifunika sikio lenye usaha kwa mashine, unaufungia uchafu ndani na ugonjwa unazidi. Wako ambao kiwambo cha sikio kimetoboka kwa mlipuko au kwa kofi. Wengine masikio yao yalianza kuvuma walipokuwa wakitumia dawa fulani. Kwinini inaweza kuleta mvumo huo. Baadhi ya dawa za sindano za kifua kikuu, kama streptomaisini, zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Ukiona masikio yanabadilika ukiwa kwenye matibabu, usiache dawa kwa uamuzi wako. Nenda ukamwambie mhudumu siku hiyo hiyo.

Na wako ambao usikivu umepungua ndani kabisa ya sikio, kwa uzee, kwa kelele za miaka mingi za injini na vinu vya kusaga, kwa homa ya uti wa mgongo au kwa malaria kali ya utotoni. Kwa wengi wa hawa, mashine ndiyo msaada.

Utajuaje uko kundi gani? Huwezi kujua nyumbani, na muuzaji wa sokoni hawezi kukuambia. Aliye Mantapala aanzie kliniki ya makazi. Aliye Kashikishi au kijijini aanzie kituo chake cha afya, na kutoka hapo aelekezwe Hospitali ya Mtakatifu Paulo. Zambia iliondoa malipo ya matibabu katika vituo vya vijijini mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaendelea hadi ngazi yote ya msingi. Kwa hiyo mtu kukuangalia ndani ya sikio kwa taa ni hatua isiyopaswa kukufanya uuze wavu.

Nawaomba pia, tuache kumimina vitu masikioni. Mafuta ya kula, mafuta ya taa, maji ya majani, njiti ya kiberiti, hivyo vyote vimeharibu masikio ambayo yangepona.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

Sasa tuseme umeangaliwa, nta imetolewa, usaha umekauka, na bado husikii. Unahitaji kipimo cha usikivu. Unavaa visikilizio, unasikilizishwa milio midogo, mizito na myembamba, na kila unapousikia mlio unainua mkono. Majibu yanachorwa kwenye karatasi inayoitwa audiogramu. Karatasi hiyo itunze kama unavyotunza kadi ya chanjo ya mtoto. Ndiyo inayoonyesha ni sauti zipi zinakupita na kwa kiasi gani, na mashine yoyote ya maana hurekebishwa kwa kuifuata. Anayekuuzia mashine bila kuiona karatasi hiyo anabahatisha.

Njia ya serikali inakwenda kwa ngazi. Kituo cha afya kinakuandikia barua ya rufaa, unafika hospitali ya wilaya, kutoka hapo Hospitali Kuu ya Mansa, na ikibidi Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu, UTH, kule Lusaka, ambako kuna kitengo cha vipimo vya usikivu. Barua ya rufaa ina faida mbili. Ya kwanza, unafika ukijulikana umetoka wapi na umeshafanyiwa nini. Ya pili, anayeruka ngazi na kwenda hospitali kubwa bila barua hutozwa malipo ambayo mwenye barua hatozwi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba anayekupima hapati faida kwa kukuuzia. Akiona huhitaji mashine, atakuambia huihitaji. Faili lako linabaki hospitali, na mwaka ujao utarudi mahali panapokufahamu.

Ugumu wake nao tuseme wazi. Ni mbali. Kutoka hapa Kashikishi hadi Mansa ni zaidi ya kilomita 200, na Lusaka ni safari ya basi inayokula siku nzima na zaidi. Mkimbizi anahitaji kwanza kibali cha kutoka kwenye makazi. Wataalamu ni wachache kuliko wagonjwa. Mashine zenyewe mara nyingi huja kwa misaada, kwa hiyo kuna majira zipo na majira hazipo, na unapewa aina iliyopo. Kusubiri kunaweza kuwa kurefu.

Njia ya kununua ina uzuri wake pia. Ukiwa na fedha, unapangiwa tarehe mapema. Unaweza kuchagua mashine ndogo zaidi, isiyoonekana sana, au inayochajiwa badala ya kubadilishwa betri. Ukikutana na mtaalamu mwenye leseni na mwaminifu, anaweza kukaa nawe muda mrefu kuliko daktari mwenye foleni ya watu 80 mlangoni.

Ugumu wake ni bei, na ni kwamba anayekushauri ndiye anayekuuzia. Hata katika nchi tajiri bei hii inalemea watu. Nchini Marekani, jopo la wanasayansi wanaomshauri rais lilisema mwaka 2015 kwamba mashine moja, pamoja na huduma zake, ilikuwa na wastani wa bei ya zaidi ya dola 2,000. Mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ikaruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati kununua aina fulani za mashine dukani bila kwenda kwa mtaalamu, ili bei zishuke. Watoto hawakuingizwa katika ruhusa hiyo.

Uingereza walichukua njia nyingine. Tangu mwaka 1948, huduma yao ya afya ya taifa inawapa watu mashine za masikio bure. Mashine ni kama ya kuazimwa. Mtu anaivaa miaka yote anayoihitaji, inatengenezwa bure, na betri anapewa bure. Serikali hununua nyingi kwa pamoja, na hivyo kila moja inaipata kwa bei ndogo. Hata hivyo, wako Waingereza wanaolipa wenyewe kwa wauzaji binafsi, wakitaka mashine ndogo zaidi au miadi ya haraka. Lakini angalia, ndugu yangu, kule bure haikuishia kwenye mashine. Iliingia pia kwenye matengenezo na betri. Hapo ndipo penye somo kwetu.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

Tupige hesabu pamoja. Mwenye kalamu aishike.

Mashine nyingi hutumia betri ndogo ya kidonge. Wengine huita betri mawe. Betri hizo zina kibandiko juu, na ukikibandua hewa inaingia, betri inaanza kufanya kazi na haiwezi kuzimwa tena. Kwa matumizi ya kawaida hukaa kama wiki moja hadi mbili. Mwaka una wiki 52. Kwa hiyo sikio moja linataka betri kati ya 26 na 52 kila mwaka. Masikio mawili, kati ya 52 na 104. Mashine yenyewe kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano. Chukua mitano. Sikio moja tu litakuwa limekula betri 130 hadi 260.

Sasa uliza: betri hizo zinapatikana wapi? Betri ya saa au ya rimoti haifai. Hizi zina namba zake na rangi zake. Namba 10 ina kibandiko cha njano, 312 ni kahawia, 13 ni rangi ya chungwa, na 675 ni buluu. Ijue namba ya mashine yako kama unavyolijua jina la mtoto wako. Kisha kumbuka majira yetu. Kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari ziwa linafungwa kwa uvuvi, na nyumba nyingi hazina fedha mkononi. Anayetegemea samaki anunue betri za miezi hiyo mitatu kabla Novemba haijaisha.

Mashine ya kuchaji inaondoa shida ya betri na kuleta shida ya umeme. Ukiwa na paneli ya sola inayoaminika, ni sawa. Kwa umeme wa kukatikakatika, fikiri mara mbili. Wako watu wa kusini mwa Afrika walioliwaza jambo hili zamani. Katika mji mdogo wa Otse, nchini Botswana, mafundi ambao wengi wao ni viziwi walitengeneza chaja ya jua kwa ajili ya betri za mashine za masikio. Ukikutana na mtoa huduma yeyote, wa serikali au wa binafsi, muulize kama ana chaja ya namna hiyo.

Baada ya betri, kuna kalibu. Hicho ni kile kipande laini kinachoingia ndani ya tundu la sikio. Hutengenezwa kwa kufuata umbo la sikio lako peke yako. Ikilegea, mashine inapiga mluzi. Ikibana, inatoa kidonda. Mtu mzima anaweza kukaa nayo miaka, lakini sikio la mtoto linakua, na kalibu yake hubadilishwa mara kwa mara. Kwa mtoto mdogo sana ni kila baada ya miezi michache.

Kisha kuna marekebisho. Wiki za kwanza kila kitu ni kelele: sufuria, kuku, mvua juu ya bati, hata nyayo zako mwenyewe. Watu wengi huivua mashine hapo na kuitupa sandukuni. Mtaalamu anatakiwa akuone tena baada ya wiki chache, aipunguze hapa, aiongeze pale. Mtu aliyevaa mashine bila kurudi hata mara moja ni kama mtu aliyeshonewa nguo bila kupimwa.

Ukijumlisha vyote, bei ya dukani si bei ya mashine. Andika hivi: bei ya mashine, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu au nne, kalibu, betri za miaka mitano, na matengenezo. Andika hesabu ya njia ya serikali upande mmoja, ya njia ya binafsi upande wa pili. Ya bure nayo ina nauli na betri. Ya kununua nayo inaweza kuwa nafuu zaidi ya ulivyodhani, ikiwa muuzaji anafika karibu nawe na bei yake inabeba huduma zote. Bila kuandika, hutajua.

Na usidanganyike kwamba ya ghali ndiyo inayosikika zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, waliwavalisha watu wazima wenye umri mkubwa mashine za bei ya juu na za kawaida, zote zikiwa zimerekebishwa vizuri. Katika kusikia mazungumzo na katika maisha ya kila siku, hawakuona tofauti ya maana. Mashine ya kawaida iliyorekebishwa kwa karatasi yako itakufaa kuliko ya kifahari iliyorekebishwa kwa sikio la mtu mwingine.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

Hapo niseme juu ya njia mbili za mkato ambazo watu huzipenda.

Ya kwanza ni vile vidude vya bei rahisi vinavyouzwa masokoni na kupitia simu. Vingi si mashine za masikio, ni vikuza sauti. Vinapandisha kila sauti kwa pamoja, maneno pamoja na kelele, hata zile sauti unazozisikia vizuri. Vingine havina kizuizi cha sauti kubwa, na vinaweza kuumiza usikivu uliobaki. Kwa mtoto, usithubutu.

Ya pili ni mashine iliyotumwa na ndugu aliye Ulaya, Kanada au Australia, labda iliyokuwa ya marehemu au ya mtu aliyepata mpya. Moyo ni mzuri, na mashine inaweza kufaa. Lakini ilirekebishwa kwa sikio la mwenyewe, na kalibu yake ni ya sikio la mwenyewe. Usiivae ilivyo. Ipeleke kwa mtaalamu pamoja na audiogramu yako, aone kama inaweza kurekebishwa upya. Na ukiulizwa na ndugu huyo "nikutumie nini?", mwambie atume betri za namba yako, au nauli ya kwenda kupimwa.

Sasa nifike kwenye uamuzi wenyewe. Nitatoa mifano miwili.

Chukua baba mvuvi wa miaka 65. Usikivu umempungua taratibu kwa miaka kumi. Watoto wake wanataka kuuza injini ya boti wamnunulie mashine Lusaka. Kwa huyu nasema, msiuze injini. Aanze na njia ya serikali. Aangaliwe, apimwe, aandikwe kwenye orodha. Akisubiri miezi kadhaa, ataumia kwa upweke, ni kweli, lakini nyumba ina la kufanya wakati huo: kuongea naye uso kwa uso, mahali penye mwanga, bila kupiga kelele, redio ikiwa imezimwa. Akishapata audiogramu, anaweza kuipeleka hata kwa muuzaji binafsi na kuuliza bei, naye hawezi kudanganywa kirahisi.

Chukua sasa mtoto wa miaka miwili wa Mantapala, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, na tangu hapo hageuki akiitwa. Kwa huyu hesabu ni nyingine. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo mtoto anayojengea lugha. Kila mwezi anaokaa bila kusikia na bila kuonyeshwa ishara, lugha inapita, na baadaye hailipiki kwa kwacha. Peleka barua ya rufaa leo, mweleze ofisa wa makazi na wahudumu wa afya kwamba ni mtoto mdogo na ni jambo la haraka, na urudi kuuliza kila wiki. Ikiwa foleni ya serikali ni ndefu na familia, kanisa au shirika linaweza kumlipia kwa mtaalamu binafsi mwenye leseni, hapo njia ya binafsi ni ya haki. Lakini jina lake lisitolewe kwenye foleni ya serikali, kwa sababu kalibu na marekebisho yatahitajika miaka mingi, na fedha za msaada huisha. Na akiwa haisikii kabisa hata sauti kubwa, mashine peke yake haitatosha. Anahitaji lugha ya alama, na ninyi wazazi mjifunze pamoja naye.

Mnaona, basi, nyumba mbili zinaweza kuamua tofauti na zote zikawa sahihi. Mtu mzima anaweza kusubiri ili kuokoa fedha. Kwa mtoto, kusubiri ndiko gharama kubwa.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

Nawaachia maswali sita. Muulize yeyote anayekupa au kukuuzia mashine, awe wa hospitali, wa msaada au wa duka. Mtangazaji atanisaidia kuyasoma.

MTANGAZAJI: La kwanza. Je, umeangalia ndani ya sikio langu, na umeiona audiogramu yangu?

MZUNGUMZAJI: Akijibu hapana, ondoka.

MTANGAZAJI: La pili. Bei hii inabeba nini? Kipimo, kalibu, marekebisho, au mashine tupu?

MZUNGUMZAJI: Omba iandikwe, na upewe risiti.

MTANGAZAJI: La tatu. Betri ni namba gani, na nitazipata wapi karibu na Nchelenge?

MZUNGUMZAJI: Kabla hujaondoka, zikibandue na kuziweka mbele yake, kwa mikono yako mwenyewe. Mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa achague mashine ya nyuma ya sikio yenye betri kubwa, hata kama inaonekana.

MTANGAZAJI: La nne. Ikiharibika, naipeleka kwa nani, na dhamana ni ya muda gani?

MZUNGUMZAJI: Mashirika yanayokuja siku mbili na kuondoka yanafanya kazi njema. Lakini yaulizwe hivi: mkishaondoka, nani katika wilaya hii amefundishwa kusafisha mrija na kubadilisha betri? WHO mwaka 2024 ilitoa mwongozo unaosema kwamba mahali penye wataalamu wachache, wahudumu wengine wa afya wanaweza kufundishwa kazi nyingi za huduma hii. Tuwaombe viongozi wetu jambo hilo.

MTANGAZAJI: La tano. Nirudi lini kurekebishiwa?

MZUNGUMZAJI: Jibu liwe tarehe. "Ukiona shida njoo" si jibu.

MTANGAZAJI: La sita. Nani anaweza kunisaidia kulipa?

MZUNGUMZAJI: Mwenye bima ya afya ya taifa, NHIMA, aulize kabla ya kutoa fedha kama mtoa huduma huyo amesajiliwa na kama mashine imo katika huduma zinazolipiwa. Raia wa Zambia mwenye upungufu wa kudumu ajiandikishe kwa ZAPD, wakala wa serikali wa watu wenye ulemavu. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2012 inawatambua. Mkimbizi aanze na kliniki ya makazi na ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi.

Mwisho, utunzaji. Sisi ni watu wa maji. Ivue mashine kabla ya kuoga, kabla ya kuingia ziwani na kabla ya kulala. Usiku fungua mlango wa betri, iweke ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo na betri viwe mbali na watoto. Mtoto akimeza betri, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kesho.

Ndugu zangu, wiki hii fanya jambo moja tu. Mpeleke huyo mtu wako akaangaliwe masikio. Haya mengine yote yatafuata baada ya hapo.

MTANGAZAJI: Asante sana, mzungumzaji. Msikilizaji, kama hukupata kalamu, mazungumzo haya yamechapishwa. Mwombe mwalimu au mhudumu wa afya wa jamii akusomee, na umsomee na jirani yako asiyesikia redio. Tarehe 3 Machi kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani. Usingoje siku hiyo. Kwaherini, tuonane wiki ijayo.

[MUZIKI WA KUFUNGIA, SEKUNDE 20]